Shajara ya Mradi: Msuka wa Kisu cha Kijapani na Mahali Unapoungwa na Bapa

11 Januari 2025

Mradi huu umeanzia kwenye kisu kibovu. Tarehe 21 Desemba mwaka jana nilikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu katika hekalu la Shitennoji hapa Osaka, ambalo hufanyika tarehe 21 na 22 za kila mwezi, nikanunua deba moja kwa yeni 1,500. Deba ni kisu kizito cha kupasulia samaki, chenye mgongo mnene na makali ya upande mmoja tu. Bapa la hiki lina urefu wa sentimita 18, na mgongo wake una unene wa milimita 7 karibu na mpini. Kwa kukitazama juu juu kilionekana kizima, lakini nilipofika nyumbani na kukikamata sawasawa, mpini ulicheza mkononi kama jino linalotaka kung'oka.

Kiswahili kina neno lake kamili kwa sehemu ninayotaka kuichunguza: msuka, yaani ule mkia wa chuma unaotoka kwenye bapa la kisu, jembe au shoka na kuzama ndani ya mpini. Wajapani huuita nakago. Ile pete inayobana mdomo wa mpini, ambayo sisi huiita noleo, katika visu vyao vya jadi mara nyingi huwa ya pembe ya nyati wa Asia, na ile kona ya chuma ambapo bapa linakwisha na msuka unaanza huitwa machi.

Katika karakana ya kuchongea vyuma ninamofanyia kazi, huko Higashiosaka, wenzangu wana msimamo mkali juu ya jambo hili. Wanasema kisu ambacho msuka wake umechomelewa ni nusu kisu, na kwamba kisu cha kweli ni kile ambacho bapa na msuka ni chuma kimoja. Nimelisikia hilo kwa miaka mingi pasipo kumwona mtu akifungua mpini kuthibitisha. Nimeamua kufungua miwili, huu wa deba na wa gyuto yangu ya zamani, yaani kisu cha jikoni cha mtindo wa Kizungu, kisha nijaribu kuutengeneza upya msuka wa deba kwa mikono yangu.

18 Januari

Leo nimeutoa mpini wa deba. Nilifunga bapa kwa kitambaa kinene, nikaegemeza kipande cha mti mgumu kwenye ukingo wa noleo na kukigonga kwa nyundo, upande huu kisha upande ule. Mpini wa jadi wa namna hii haushikwi na ribiti. Unashikwa na msuguano, yaani msuka ulioshindiliwa ndani ya tundu lenye kipimo chake, kwa hiyo pigo likija kutoka upande wa bapa mpini hurudi nyuma. Kwa pigo la nne ukatoka.

Pamoja nao ulimwagika unga mwekundu na magamba meusi ya kutu, mengine yakiwa bado yamenata nyuzi za mti. Msuka wenyewe una urefu wa milimita 110. Karibu na machi una unene wa milimita 5 na ngozi yake ni nzima, lakini kuanzia milimita 40 hivi kutoka machi umeliwa pande zote mpaka umebaki milimita moja na nusu, na nilipoupinda kwa vidole viwili ukakatika bila kelele. Hapo ndipo mpini ulipokuwa ukichezea.

Nimelifikiria sana eneo hilo. Maji huingia kwa mdomo wa noleo kila kisu kinapooshwa. Mdomoni hewa inapita, kwa hiyo panakauka. Ndani zaidi mti umelowa na haupati hewa ya kuukausha, na chuma kinakaa kwenye unyevu huo usiku kucha, mwaka baada ya mwaka. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana mpini wa deba hii ulikuwa na ufa mrefu ubavuni: kutu iliusukuma kutoka ndani kama mzizi unavyoinua sakafu. Aliyekuwa na kisu hiki huenda alikinoa kila siku na kukifuta kwa kitambaa kikavu, na asijue kwamba kinakufa mahali asipopaona.

Baada ya kusafisha kwa tupa na msasa nilipaka feriki kloridi kwenye bapa na kwenye kipande cha msuka kilichobaki. Tindikali hiyo hula feleji yenye kaboni nyingi na chuma laini kwa namna tofauti, hivyo tabaka hujitenga kwa rangi. Feleji ngumu, ambayo Wajapani huiita hagane, iligeuka kijivu cheusi. Chuma laini, jigane, kikabaki cheupe. Hagane ilipita machi na kuingia kwenye msuka kwa milimita 12, ikawa nyembamba, ikaishia. Kutoka hapo hadi mwisho msuka ni chuma laini kitupu.

1 Februari

Nimekwenda Sakai, mji ulio kusini mwa Osaka, ambao ufuaji wake wa visu ulitambuliwa na serikali ya Japani mwaka 1982 kuwa sanaa ya jadi. Kule kisu kimoja hupitia mikononi mwa watu wengi: mhunzi hufua, mnoaji hutia makali, mtia mipini humalizia. Mhunzi aliyenipokea aliniruhusu nisimame kando ya tanuri asubuhi nzima kwa sharti la kutosema neno akiwa anatazama rangi ya moto.

Alianza na nondo ya jigane. Aliipasha hadi ikawa ya rangi ya chungwa, akanyunyizia unga wa boraksi uliochanganywa na chenga za chuma, akalaza juu yake kipande chembamba cha hagane, akarudisha vyote motoni. Boraksi huyeyuka na kuyaondoa yale magamba ambayo yangezuia vyuma viwili kugusana. Alipoitoa tena aliigonga kwanza kwa nyundo ya mkono, taratibu, na cheche za boraksi iliyoyeyuka zikaruka pande zote. Kisha akaiweka chini ya nyundo ya mashine. Baada ya muda mfupi sikuweza tena kuonyesha kwa kidole mahali ambapo kimoja kinaishia na kingine kinaanzia.

Kisha likaja jambo nililolifuata huko. Alipoikata nondo hakuikatia pale hagane inapoishia. Aliacha kipande cha jigane tupu nyuma yake, akakipasha, akakivuta kwa nyundo kikarefuka na kuchongoka, na hicho ndicho kikawa msuka. Kwa hiyo katika kisu cha namna hii msuka hauungwi na bapa. Umetokana na mwili wa jigane wenyewe, na ukiukata popote hutaona mshono kati ya viwili hivyo.

Lakini mshono upo. Upo kati ya hagane na jigane, nao unapita urefu wote wa bapa, kutoka ncha hadi machi na kuingia msukani. Nilirudi nyumbani kwa treni nikiliwaza hilo. Wenzangu wanaodharau kuunga wanasifu kisu ambacho uhai wake wote umo katika kuunga, isipokuwa kuunga huko kumefanywa kwa moto wa tanuri na nyundo. Hoja yao ingesimama kwa visu vya honyaki, vilivyofuliwa kwa feleji moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini hivyo ni vichache na bei yake ni ya juu sana, na hakuna hata mmoja wetu karakanani anayemiliki honyaki.

Jambo la pili nililoliona Sakai ni wakati wa kutia maji. Bapa lilipakwa tope jembamba, likakaushwa, likapashwa hadi kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi katika chumba kilichotiwa giza ili rangi ionekane, likazamishwa majini hadi machi. Msuka ulibaki kwenye koleo, juu ya maji. Ndiyo sababu makali huwa magumu kiasi cha kukata jani la karatasi na hapo hapo msuka unaweza kunyooshwa kwa nyundo bila kuvunjika. Ukiuzamisha nao kwa pupa, katika kisu cha honyaki, umejitengenezea kioo ndani ya mpini.

15 Februari

Zamu ya gyuto. Hiki ni kisu chenye asili ya Ulaya kilichoenea Japani katika enzi ya Meiji, baada ya mwaka 1868, wakati ulaji wa nyama ulipoanza kukubalika. Amri ya 1876 ya kukataza kubeba panga ilipunguza sana kazi ya wafua panga, na baadhi yao wakageukia visu na zana. Kwa upande wa msuka mabadiliko yalikuwa makubwa: badala ya mkia uliozama ndani ya mti, gyuto ya Kizungu ina msuka mpana, unaobanwa na vibao viwili kwa ribiti, mara nyingi tatu, na mara nyingi kuna kola nene ya chuma, tsuba, kati ya bapa na vibao.

Nilitoboa vichwa vya ribiti kwa kekee na kuvitoa vibao. Chini yake msuka ulikuwa mkavu na safi. Kisha nikapaka tindikali, na mstari ukajitokeza: umekatiza msuka kutoka juu hadi chini, milimita 20 nyuma ya kisigino cha bapa, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, chini ya kibao. Niligusisha pande zote mbili kwenye jiwe la kusagia. Upande wa bapa cheche zilipasuka kama fataki, dalili ya kaboni nyingi. Upande wa mpini zilitoka nyuzi ndefu nyekundu zisizopasuka sana, dalili ya chuma laini. Gyuto yangu, ambayo nimeitumia miaka kumi na moja na kuisifu mbele ya wenzangu, ina msuka uliochomelewa.

Sababu za mtengenezaji kufanya hivyo zinaeleweka. Feleji nzuri ni ghali, na msuka mpana hula karibu theluthi ya chuma chote bila kukata chochote. Chuma laini hutobolewa kirahisi kwa ajili ya ribiti, na hakipasuki kisu kikianguka. Bapa likiwa limekatwa kwenye bati lililokwisha kuunganishwa tabaka tatu kiwandani, kuchomelea mkia nyuma yake ni kazi ya dakika chache.

Sitaki hata hivyo ionekane kwamba kila mshono ni mzuri, kwa kuwa nimewahi kuumizwa na mmoja. Miaka mitatu iliyopita kisu nilichonunua dukani kilikatika nikiwa nakata boga, bapa likabaki ndani ya boga nami nikabaki na mpini, na kidole gumba kikashonwa nyuzi nne. Nilihifadhi vipande, na leo nimevitazama kwa lenzi. Chuma kilikuwa kimeungana kwenye ngozi tu, kiasi cha milimita moja kila upande, na katikati nyuso mbili zilikuwa zimetazamana bila kuyeyuka kamwe, bado zina mikwaruzo ya msumeno. Tena mshono ule ulikuwa umewekwa hasa kwenye kisigino, mbele ya mdomo wa mpini, mahali ambapo mkono ukikandamiza upande huu na chakula kikikataa upande ule ndipo kisu hupindwa zaidi kuliko popote, na kona yake ya ndani ilikuwa imekatwa kwa pembe kali kama ya sanduku. Kona ya namna hiyo hukusanya nguvu zote mahali pamoja, na ufa huanzia hapo.

Gyuto yangu ina mshono pia, lakini umekaa nyuma ya eneo hilo, umeyeyuka hadi katikati na kona yake imeviringwa. Tofauti ya visu hivi viwili iko hapo, na hapo ndipo nitakapoangalia nitakapounga msuka wa deba.

1 Machi

Wiki mbili za majaribio. Nilianza kwa kosa ambalo namshukuru Mungu nililifanya kwenye chakavu. Mhunzi wa Sakai alikuwa amenipa vipande viwili vya Shirogami namba 2, feleji inayotoka Yasugi mkoani Shimane, yenye kaboni kati ya asilimia 1.05 na 1.15. Nilichomelea kimoja na chuma laini, kwa mashine ya umeme inayokingwa na gesi ya agoni, na mshono ukatoka mzuri wa kupendeza macho. Nikaukaza kwenye jiliwa na kuupinda. Ulikatika kwa mlio kama kijiti kikavu, milimita mbili kando ya mshono, ndani ya feleji. Chuma chenye kaboni nyingi hivyo kikiyeyushwa na kupoa ghafla hujigeuza kigumu na chepesi kuvunjika, na bapa baridi lililo kando yake hunyonya joto kwa kasi kama maji.

Kanuni niliyojiwekea ikawa kuunga chuma laini na chuma laini peke yake. Tindikali ya tarehe 18 Januari ilikuwa imenionyesha kwamba hagane inaishia milimita 12 nyuma ya machi, na kutu ilianza kwenye 40. Nilikata msuka kwenye milimita 30, nikapata milimita 18 za jigane safi kati ya mshono na hagane. Mkia mpya niliuchonga kutoka nondo ya S10C, yenye kaboni asilimia 0.1 hivi, kwa upana na unene ule ule wa awali.

Hatari iliyobaki ilikuwa makali. Deba hii ilipokwisha kutiwa maji ilipashwa tena kidogo ili ipunguze ukakamavu, na visu vya feleji hii hupashwa kwa nyuzi 180 hivi. Joto likipita hapo ugumu huanza kupungua na hakuna kunoa kutakakourudisha. Nilibana kisigino kati ya vipande viwili vya shaba, nikazungushia bapa kitambaa kilicholowa, na kwenye machi nikachora mstari kwa chaki ya joto inayoyeyuka kwenye nyuzi 150. Kingo zote mbili za mshono nilizichonga mshazari ili moto ufike katikati. Kisha nikachomelea kwa vipande vifupi vya sekunde tatu au nne, upande mmoja, nikasubiri mpaka niweze kuugusa kwa mkono, nikageuza.

Mstari wa chaki haukuyeyuka. Tupa ilipopitishwa kwenye kisigino iliteleza bila kukwaruza, kama ilivyokuwa kabla ya kazi. Kipande cha majaribio nilichokichomelea kwa namna hiyo hiyo nimekipinda hadi pembe mraba bila ufa.

15 Machi

Kutia mpini. Nimenunua mpini mpya wa mti uitwao ho, wa jamii ya magnolia, wenye noleo la pembe. Ho ni mti mwepesi, hauna utomvu wa kukera, na hauchakai upesi kwa maji. Mzee mtia mipini wa Sakai alikwisha kunionya kwamba pembe haivumilii moto, kwa hiyo tundu la mdomoni hupanuliwa kwanza kwa patasi, na kinachopashwa ni nusu ya nyuma ya msuka peke yake.

Nilifunga bapa kwa kitambaa chenye maji, nikapasha mwisho wa msuka hadi ukawa mwekundu uliofifia, nikausukuma ndani. Mti ulipiga kelele ya kukaanga, moshi mweupe ukatoka mdomoni ukiwa na harufu tamu kidogo, na nikauchomoa haraka kabla haujashika moto. Mara tatu nilifanya hivyo, kila mara msuka ukizama zaidi na kujichongea nyumba ya umbo lake. Mara ya mwisho ulikuwa umepoa. Nilikishika kisu hewani, ncha ikitazama chini, nikapiga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Mtu asiyezoea hudhani kwamba pigo litaking'oa kisu kidondoke, kumbe ni kinyume chake: mpini unaruka chini kwa ghafla na bapa zito linachelewa, hivyo msuka unapanda ndani kila pigo.

Babu yangu, kwetu Upare, alitia jembe la msuka kwa njia hiyo hiyo. Aliuweka mkia wa jembe kwenye mkaa, akauchoma kupita kifundo cha mpini, akarudia mpaka ukakaa. Nilikuwa mdogo na kazi yangu ilikuwa kushika ndoo ya maji. Nilipousikia mti wa ho ukikaangika nilijua hasa sekunde ya kuuchomoa, na ujuzi huo sikuupata Japani.

Msuka umesimama ukiacha machi nje kwa milimita 10, kama ilivyo desturi ya Sakai. Mwanya uliobaki kwenye mdomo wa noleo nimeuziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, maana adui aliyekula msuka wa kwanza aliingilia hapo hapo.

29 Machi

Kisu kimefanya kazi wiki mbili. Jumapili iliyopita nilipasua nacho vichwa viwili vya samaki aina ya tai, anayefanana na changu, kazi ambayo hukipiga kisigino kuliko nyingine yoyote. Kila jioni nimekiosha, nikakifuta, nikakisimamisha mpini ukiwa juu ili maji yasishuke ndani. Mpini haujacheza.

Kabla ya kukianzisha nilichora mstari mwembamba wa kalamu ya chuma kwenye msuka, sambamba na ukingo wa noleo, ili mpini ukisogea hata kwa nusu milimita nione. Leo nimeutazama kwa lenzi na mstari uko palepale. Nta imepata ufa mdogo upande wa mgongo, na nimeijaza upya. Mwezi Septemba nitautoa mpini kwa makusudi, nitazame rangi ya chuma kwenye milimita 40.